Rafu za Mbao katika Ghala la Chama

Mali ya chama iliyolazwa sakafuni ni mali iliyokwisha kuanza kupotea, na katika milima ya Usambara hupotea upesi. Mji wa Lushoto uko kiasi cha mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na vijiji vya Shume na Mtae viko juu zaidi. Ukungu hutanda huko hata nje ya msimu wa mvua, na wakati wa masika sakafu ya saruji hutoa jasho. Mfuko wa mbolea wa kilo 50 uliowekwa juu ya sakafu ya namna hiyo hufyonza unyevu na kugandamana kama jiwe. Mbegu huota ukungu kabla ya kufika shambani. Na madaftari ya miaka iliyopita huwa chakula cha mchwa.

Hasara hiyo huonekana kwa macho. Iko nyingine isiyoonekana, nayo huvunja imani ya wanachama. Bidhaa zilizorundikwa hazihesabiki. Siku ya ukaguzi hesabu ya ghala ikitofautiana na leja, hakuna awezaye kubainisha kilichooza, kilichokopeshwa bila kuandikwa na kilichoibwa. Katibu mwaminifu hushukiwa sawasawa na mwizi. Sheria ya Vyama vya Ushirika Na. 6 ya mwaka 2013 yataka hesabu za chama zikaguliwe kila mwaka, na mkaguzi hatosheki na maandishi, bali huhesabu mali yenyewe. Kwa hiyo rafu haina budi kuhesabiwa kuwa sehemu ya utunzaji wa hesabu.

Wilaya ya Lushoto haina udhuru wa kukosa mbao. Wakati wa utawala wa Wajerumani, mbao za mwangati ziliteremshwa kutoka Shume hadi Mkumbara kwa njia ya waya wa angani, zikachukuliwa na reli hadi Tanga. Siku hizi miti ya mwangati na mkulo iliyosalia katika misitu ya hifadhi si ya kuguswa, wala ghala haliihitaji. Msaipresi wa kupandwa unafaa zaidi: ni mwepesi, hupigika randa vizuri, na wadudu hawaupendi sana. Msindano nao unafaa, ila huliwa na mchwa usipotiwa dawa. Mkaratusi una nguvu, lakini hupasuka na kupinda unapokauka. Mbao zinunuliwe kwa stakabadhi na ziwe na hati ya kusafirishia mazao ya misitu, kwani mbao za magendo zaweza kukitia chama hatiani.

Mbao mbichi zisitumike. Ubao unapokauka husinyaa kwa upana wake zaidi kuliko kwa urefu, na rafu iliyopigiliwa ingali mbichi hulegea misumari yake yote. Mbao zipangwe kivulini, kila safu ikitenganishwa na nyingine kwa vijiti vya unene mmoja, zipigwe na upepo kwa miezi kadhaa.

Nguzo ziwe za mbili kwa nne, na nafasi kati ya nguzo na nguzo isizidi mita 1. Mafundi wengi huongeza nafasi hiyo ili kupunguza gharama, na hapo ndipo rafu huharibika. Ubao unaobeba mzigo ule ule, nafasi kati ya egemeo na egemeo ikizidishwa mara 2, hupinda mara 8. Mikingamo inayoshika mbao za rafu iwe pia ya mbili kwa nne, isimamishwe juu ya upande wake mwembamba. Ikiwekwa hivyo huhimili kupinda mara 4 kuliko ikilazwa. Chini ya kila mkingamo pagongomewe kipande cha mbao kinachoshuka hadi kwenye mkingamo wa chini yake, na cha chini kabisa kifike mwisho wa nguzo, ili uzito ubebwe na mti wala si na msumari.

Mbao 3 za moja kwa sita, zikiachiana nafasi ya kidole kimoja ili hewa ipite, hufanya rafu yenye upana wa karibu nusu mita. Rafu pana zaidi huficha bidhaa za nyuma. Rafu ya chini iwe sentimita 30 juu ya sakafu, na nyuma ya nguzo paachwe nafasi ya kupitisha ufagio. Mbao za mshazari zipigiliwe nyuma na pembeni, kwa kuwa rafu isiyo na mshazari huyumba hata kama nguzo zake ni nene. Timazi na pima maji vitumike kabla ya kukaza misumari. Miguu ikisimamishwa ndani ya vikopo vyenye oili chafu, mchwa hawapandi.

Magunia na mifuko ya mbolea isipandishwe kwenye rafu hizo. Mahali pake ni juu ya chaga za mbao zilizoinuka sentimita 15, mbali na ukuta kiasi cha mtu kupita. Katika rafu, vitu vizito vikae chini na vyepesi juu. Mbegu zikae mahali pakavu kuliko pote, kwa maana unyevu wa ndani ya mbegu ukipungua kwa asilimia 1, muda wa kuhifadhika kwake hukaribia kuongezeka maradufu.

Dawa za kuulia wadudu zisikae chumba kimoja na mbegu wala chakula. Zijengewe kabati lake lenye kufuli katika chumba chenye hewa. Za maji ziwekwe chini na za unga juu, ili chupa ikivuja isichafue nyingine. Jambo hili lahusu uhai wa watu, na Bodi isilikubalie udhuru wa gharama.

Rafu zikikamilika, kila moja iandikwe namba, na kila bidhaa itundikiwe kadi inayoonyesha kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki na tarehe. Mzigo mpya uwekwe nyuma na wa zamani mbele, ili kilichotangulia kuingia kitangulie kutoka. Kila mwisho wa mwezi katibu ahesabu pamoja na mjumbe mmoja wa Bodi, na wote wawili watie sahihi.

Chama kisicho na fedha za kutosha chaweza kuanza na chaga pamoja na rafu ya nguzo nne, kisha kikaongeza mwaka hadi mwaka. Gharama ziingizwe katika makisio na kufikishwa mbele ya mkutano mkuu, nao wanachama waalikwe kuingia ghalani kujionea. Mwanachama akiweza kusimama mlangoni na kuhesabu mali yake kwa kidole, maneno ya pembeni hupungua, na katibu hulala usingizi.