Mbegu bora: tuwaulize wamama mbele ya kuzizidisha



Tulikuja hapa Nyakasanza na aina ya muhindi yenye magunzi makubwa. Kwenye shamba la majaribio wababa walipiga makofi, na sisi maagronomu tukaandika: imekubaliwa. Kisha mavuno yakawekwa ghalani, na haikupita miezi mitatu wadudu walikuwa wametoboa magunia. Punje zake zilikuwa laini, na majani hayakufunika ncha ya gunzi. Mama mmoja alituambia aliyaona hayo tangu muhindi ungali umesimama, lakini hakuna aliyemwuliza. Kosa lilikuwa letu.

Jirani zetu wa Rwanda walishaonyesha njia nyingine. Zamani watafiti wa maharagi walichagua wenyewe kituoni, mkulima akaonyeshwa aina chache tu za mwisho. Kuanzia 1988, taasisi ya ISAR pale Rubona, pamoja na CIAT, iliwaita wamama waliojulikana vijijini kuwa mafundi wa maharagi. Waliingia kituoni wakati aina zingali nyingi, wakachagua, wakaenda kuzijaribu kwao. Mara nyingi walizochagua zilishinda mchanganyiko wao wa nyumbani, na mavuno yaliongezeka hadi asilimia 38. Hawakuangalia uzito tu. Waliangalia, kwa mfano, kama maharagi yatavumilia kivuli cha migomba, jambo ambalo shamba la kituo, lililo wazi juani, haliwezi kuonyesha.

Na kwetu ni nani anayepanda, anayepalilia, anayetunza mbegu, anayepika? Maharagi yanayokawia kwenye moto yanakula makala, na makala ni pesa ya mama.

Basi tufanye hivi. Tupande aina nne au tano pamoja na ile ya kwetu, siku moja, nafasi sawa, na bila mbolea kama nyumbani hatutumii mbolea. Tuzitembelee zikitoa maua, tena zikikomaa. Mbele ya kila aina tuweke kopo, na kila mtu apewe punje tatu za kuchagua: wamama punje za maharagi, wababa punje za muhindi. Asiyetaka kusema mbele ya bwana wake atasema kwa punje. Hesabu zisichanganywe: pale wamama na wababa wanapotofautiana ndipo penye jambo la kujifunza. Mara ya tatu ni jikoni: kipimo kimoja cha kila aina, maji sawa, moto sawa, tuangalie saa. Kisha tuonje.

Halafu saa ya mkutano. Mkutano wa saa nne asubuhi ni wa wababa, tusidanganyane. Wamama wako shambani ao sokoni. Wao wenyewe waseme saa gani.

Tunashauri kuanza na maharagi, kwa sababu ua lake hujizalisha lenyewe na mbegu haibadiliki haraka. Muhindi ni kazi zaidi: upepo huleta unga wa maua kutoka shamba la jirani. Weka mita 200 kati yenu, ao panda wiki nne mbele yake ao nyuma yake. Magunzi ya mbegu yachaguliwe katikati ya shamba, mashina yangali yamesimama na kuonekana, si nyumbani kwenye lundo. Ila muhindi wa hibridi usirudishwe kuwa mbegu, utaharibika. Aina mpya tunaweza kuomba INERA, kituo cha Nioka, kule Mahagi. Na tukitaka kuuza kama mbegu iliyothibitishwa, lazima SENASEM wapite kukagua.

Kuna jambo lingine. Familia nyingi zilikimbia Djugu tangu mwisho wa 2017, na kukimbia ni kuacha ghala. Lakini mama anaweza kuondoka na konzi moja ya maharagi imefungwa katika kitambaa. Aina hiyo inaweza kuwa haipo tena mahali pengine. Kwa hiyo kwa mkutano ujao tunaomba kila mama, mwenyeji na aliyehamishwa, alete konzi mbili za mbegu yake, na atuambie jina lake, ilitoka wapi, na inachukua muda gani kuiva kwenye sufuria. Konzi moja tutaipanda kwenye majaribio. Ile nyingine tutaikausha na kuiweka katika chupa iliyofungwa, na jina la mwenyewe juu yake, ili majaribio yakiharibika arudishiwe.