Muziki botini: Tazama ampea kabla ya wati

Wenye boti za kulala wageni katika mwambao wetu, na wafanyabiashara wanaowauzia vifaa, mara nyingi huchagua seti ya muziki kwa kuangalia bei na wati. Wiki hii tunaeleza kwa nini mambo hayo mawili hayatoshi, na namna ya kupiga hesabu kabla ya kutoa fedha.

Betri ndiyo mtaji

Botini umeme hutoka kwenye betri za volti 12, ambazo pia huwasha taa, friji, pampu na redio ya mawasiliano. Betri ya asidi ya ampea-saa 100 haifai kutumiwa zaidi ya nusu. Ikishushwa mno mara kwa mara hufa mapema. Kwa hiyo mtaji halisi ni ampea-saa 50.

Tuchukue mfano wa seti ya mezani ya volti 230 inayokula wati 40. Itahitaji inverta, nayo hupoteza umeme njiani, hivyo betri itatoa kiasi cha wati 50, yaani ampea 4 na ushei. Kwa saa tano za jioni ni ampea-saa 21. Jioni mbili tu, mtaji umekaribia kwisha, na taa bado hazijahesabiwa. Inverta iliyosahauliwa ikiwaka huendelea kula hata muziki ukizimwa.

Redio ya gari kwa sauti ya kawaida ikitumia wati 15, huchukua ampea 1.25. Kwa saa tano ni ampea-saa 6 na robo. Mtaji uleule utatosha jioni nane.

Usidanganywe na boksi

Maandishi makubwa ya "PMPO 1000W" hayamwambii mnunuzi seti itakula umeme kiasi gani. Soma kibandiko kilicho nyuma ya seti. Zipo seti za nyumbani zilizoandikwa volti 12, lakini nazo zinataka tahadhari: injini ikichaji, umeme wa botini hupanda hadi volti 14 na zaidi. Redio ya gari imeundwa kuhimili hali hiyo. Seti ya mezani huenda ikaungua isipowekewa kifaa cha kutuliza umeme.

Chumvi, mawimbi na dira

Spika za karatasi hulegea kwa unyevu wa chumvi. Zinazofaa ni zenye koni ya plastiki na ukingo wa mpira. Kwa kuwa mawimbi huifanya CD iruke, seti inayosoma USB au kupokea muziki wa simu kwa bluetooth ina nafuu, maana haina kinachozunguka ndani.

Spika ina sumaku. Ikifungwa jirani na dira, sindano hupinda na nahodha hupotezwa njia. Iweke mbali, walau mita moja, kisha hakikisha dira haijabadilika. Vilevile, sauti isizidi kiasi cha kufunika redio ya VHF: wito wa hatari hupitia chaneli 16.

Ushauri kwa soko

Mwekezaji mwenye boti moja au mbili atafaidika zaidi na redio ya gari au ya baharini, spika mbili zisizoogopa maji, na fyuzi iliyo karibu na betri. Muhimu kuliko yote, betri ya kuwashia injini itengwe. Muziki ukimaliza betri ya taa, wageni hukaa gizani. Ukimaliza ya injini, boti haiondoki hata upepo ukichafuka.

Muuzaji naye asibebe shehena ya seti za mezani kwa wateja wa aina hii kwa sababu tu ni za bei nafuu. Amuulize mteja kwanza: una betri ngapi, na unazichaji kwa nini? Majibu hayo ndiyo yatakayoonyesha seti ya kumuuzia.