Maji ya Mvua na Ramani ya Lubumbashi: Dembo Kabla ya Lupango (Sehemu ya Tatu)

Katika sehemu mbili zilizotangulia tulisimulia habari za mifereji ya saruji, namna ilivyojengwa kandokando ya barabara za katikati ya mji, namna inavyozibwa na udongo na takataka, na kwa nini kuizibua kila mwaka, ijapokuwa ni kazi ya lazima, hakutoshi kuwaokoa watu wa bondeni. Mfereji hauyapunguzi maji. Huyahamisha tu, tena kwa haraka, kutoka mlangoni kwa mtu wa juu hadi mlangoni kwa mtu wa chini. Leo tunaiacha saruji na kuingia katika jambo lililo la asili zaidi, nalo ni ardhi yenyewe ya Lubumbashi, jinsi ilivyokuwa ikiyapokea maji ya mvua kabla ya mji kuwekwa juu yake, na jinsi wapanga mji wawezavyo kuitumia tabia hiyo badala ya kupigana nayo.

Mji huu umekaa juu ya uwanda ulioinuka kiasi cha mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na kwa mwaka hupata mvua ya milimita 1,200 hivi, ambayo sehemu yake kubwa huanguka kati ya Novemba na Machi, kisha hufuata kiangazi kirefu ambacho kwa miezi kadha hakuna hata tone. Mvua iliyobanwa katika muda mfupi namna hiyo ingalikuwa maafa ya kila mwaka lau ardhi isingalikuwa na mpango wake. Mahali pa juu palikuwa na msitu wa miombo, ambao majani yake makavu yaliufunika udongo mwekundu, mizizi yake ikaupasua, na mchwa, ambao vichuguu vyao katika nchi hii hupanda mita tano na zaidi, wakautoboa kwa njia zao zisizohesabika. Basi matone yalipoanguka, mengi hayakukimbia bali yalizama. Yaliyozama yalisafiri polepole chini kwa chini hata yakafika kwenye dembo, yaani yale mabonde mapana yasiyo na miti, yenye nyasi na udongo mzito, ambayo mtu akiyatazama wakati wa kiangazi huyadhania kuwa ni ardhi iliyosahauliwa. Kumbe kazi yake ni kubwa. Dembo huyashika maji ya masika, likayatoa kidogo kidogo kwa vijito, na vijito vikayapeleka katika mto Lubumbashi, na Lubumbashi ikamiminika katika Kafubu, na Kafubu ikaenda zake Luapula. Na kwa sababu ya subira hiyo ya ardhi, mto ulikuwa na maji hata katika mwezi wa Septemba, wakati mbingu zilipokuwa kavu kabisa.

Wabelgiji walipouanzisha mji mwaka 1910, wakauita Élisabethville, walikuja kwa ajili ya shaba na si kwa ajili ya mabonde. Reli ilifika mwaka ule ule kutoka kusini, tanuru la kuyeyushia madini likaanza kazi mwaka 1911 karibu na mto, na mitaa ikachorwa kwa rula, miraba juu ya miraba. Hata hivyo katika ramani ya mji ule wa kikoloni lilikuwamo jambo moja ambalo wapanga mji wa zama zetu wanapaswa kulitafakari. Kati ya mji wa Wazungu na mtaa wa Waafrika serikali iliacha ukanda wa ardhi tupu, wenye upana wa mamia ya mita, ambao haukuruhusiwa kukaliwa. Nia yake ilikuwa mbaya, kwa maana ulikusudiwa kuwatenga watu kwa rangi zao kwa kisingizio cha afya, na wazee wetu waliouvuka kila alfajiri kwenda kazini walijua vyema maana yake. Lakini ukanda ule umetuachia ushahidi usiokanika, ya kwamba dola ikitaka yaweza kuitenga ardhi katikati ya mji, ikaikataza isijengwe, na ikailinda amri yake miaka na miaka. Basi anayetuambia leo kwamba haiwezekani kuyaacha madembo wazi, kwa kuwa ardhi ya mji ni ghali na watu ni wengi, hana budi kutueleza kwa nini liliwezekana kwa dhuluma lile lisilowezekana kwa manufaa ya wote.

Utaratibu unaotumika sasa katika vitongoji vya komini ya Annexe, ambayo imeuzunguka mji pande zote, ni huu: kwanza hupimwa viwanja, kila mmoja akapata lupango wake, yaani kiwanja chake chenye ua, kisha hujengwa nyumba, baadaye hufikiriwa barabara, na maji hukumbukwa siku yanapoingia chumbani. Msitu wa juu umekwisha kukatwa kwa ajili ya makaa ya kupikia. Vichuguu vimebomolewa kwa ajili ya matofali, kwa sababu udongo wake ni mzuri kwa kuchoma, na mashimo yaliyobaki yamekuwa madimbwi ya kuzalia mbu. Halafu huja mabati. Tufanye hesabu ndogo: paa lenye mita za mraba 100, likinyeshewa mvua ya milimita 50, ambayo si ajabu kwa alasiri moja ya Januari, hushusha lita 5,000, na nyumba 200 zilizopangwa juu ya mteremko hushusha lita milioni moja, mbali na maji ya nyua zilizosakafiwa na ya barabara zilizoshindiliwa. Maji hayo yote, ambayo zamani sehemu yake kubwa ingezama, sasa hukimbilia dembo kwa wakati mmoja. Na ndani ya dembo, kwa kuwa ndiyo ardhi iliyouzwa kwa bei nafuu, amekaa mtu maskini kuliko wote.

Dawa yake yaanza kwa kuugeuza utaratibu. Mpimaji na atoke mwezi wa Machi, dembo likiwa limejaa, atie vigingi pale maji yalipofika, kisha aongeze nafasi kwa ajili ya miaka ya mvua nyingi. Na mstari huo uwe wa kwanza katika ramani, kabla ya barabara, kabla ya shule, kabla ya kiwanja chochote. Barabara zifuate ubavu wa mteremko badala ya kuteremka moja kwa moja, na kando yake zichimbwe hori pana zisizo na kina, zilizopandwa nyasi, ambamo maji hutembea na kuzama yakiwa njiani. Kila lupango ubaki na sehemu ya udongo wazi, na mwenye uwezo aweke tangi chini ya bati lake, ambalo litamfaa pia siku bomba linapokauka. Uwanja wa mpira uwe chini kidogo kuliko mitaa inayouzunguka, upokee maji ya mvua kubwa, uyahifadhi kwa saa chache, kisha watoto waurudie. Na dembo lenyewe lisiachwe kuwa jaa, kwa maana ardhi isiyo na mwenyewe haikawii kupata mvamizi: lipewe wakulima wa mboga, ambao tangu zamani wanalima lengalenga na matembele kando ya vijito vya mji huu, nao watakuwa walinzi wake wazuri kuliko askari yeyote.

Mambo haya si ndoto. Mjini Boston, huko Marekani, katika miaka ya mwisho ya karne ya 19, Frederick Law Olmsted alilitengeneza upya bwawa lililokuwa likinuka, akalifanya lipokee mafuriko na wakati huo huo liwe bustani ya watu kutembelea. Karibu nasi zaidi, mjini Kigali, bonde la Nyandungu lililokuwa limeharibiwa lilirudishiwa mimea yake na vidimbwi vyake, likafunguliwa kwa wananchi mwaka 2022, nalo lina zaidi ya hekta 120 ndani ya mji wenye vilima na uhaba wa ardhi.

Walakini hapa pana hatari ambayo Kigali haikuwa nayo kwa kiasi chetu. Lubumbashi ni mji wa madini. Moshi wa tanuru, uliopulizwa na upepo kuelekea kaskazini-magharibi kwa miongo mingi, uliiunguza mimea ya upande wa Penga Penga na kuutia udongo shaba na madini mengine. Na mwezi wa Novemba 2025 maji machafu ya kiwanda cha madini yalifurika katika mitaa ya Annexe, watu wakayakanyaga kwa miguu mitupu. Mahali kama hapo haifai kuyaacha maji yazame tu, kwani yatashuka na sumu mpaka visimani. Kadhalika katika mitaa ambayo kisima na choo cha shimo vimekaa katika ua mmoja, na maji ya chini hupanda karibu na uso wa ardhi wakati wa masika, kuongeza maji yanayozama ni kuualika ugonjwa wa kipindupindu, ambao mji huu unaujua sana. Kwa hiyo udongo sharti upimwe kwanza, mtaa kwa mtaa: hapa maji yazamishwe, pale yashikwe juu ya ardhi katika birika lililokandikwa udongo wa mfinyanzi, na kule yaongozwe mbali. Chuo Kikuu cha Lubumbashi kina wataalamu wa udongo na wa mimea ambao wameyachunguza mambo haya kwa muda mrefu. Ni haki waitwe kabla ya ramani kutiwa sahihi, wala si baada ya maafa.

Linabaki suala lililo zito kuliko yote, la wale ambao wamekwisha kujenga ndani ya dembo. Kuwabomolea bila fidia, na hali wengi wao wana karatasi walizozilipia kwa jasho lao, itakuwa ni dhuluma juu ya dhuluma. Kazi iliyo ya adili yaanzia juu, si chini: kila lita inayozuiwa mlimani ni lita isiyoingia chumbani mwa mtu wa bondeni, na wenye nyua kubwa zilizosakafiwa ndio wanaodaiwa hatua ya kwanza. Wanaokaa penye kina kirefu kabisa, ambao hapana hori wala tangi litakalowafaa, wapewe viwanja vingine vilivyo karibu na kazi zao, kabla ya mvua na si katikati yake. Gharama ya jambo hilo, na nani ailipe kati ya komini, jimbo la Haut-Katanga na makampuni yanayochimba madini, tutaichambua katika sehemu ya nne.