Muamala usiogawanyika

Muamala usiogawanyika ni kundi la amri ambazo hifadhidata huzitekeleza zote au haitekelezi hata moja. Huitwa pia muamala wa kiatomiki, kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya "kisichokatika". Hapa hakuna uhusiano wowote na mabomu.

Tuseme shilingi 50,000 zinahamishwa kutoka akaunti ya Asha kwenda ya Juma. Hatua ni mbili: kupunguza salio la Asha na kuongeza la Juma. Umeme ukikatika katikati, fedha imetoka kwa mmoja bila kufika kwa mwingine.

Katika hifadhidata za kihusiano, zilizotokana na nadharia ya Edgar F. Codd ya mwaka 1970, data hukaa katika majedwali. Jambo moja mara nyingi hutawanywa: oda ya dukani ina mstari katika jedwali la oda na mistari mingine katika jedwali la bidhaa zilizoagizwa. Ndiyo maana muamala ni wa lazima. PostgreSQL, kwa mfano, huandika kila badiliko kwanza katika daftari maalumu kwenye diski. Kompyuta ikizimika na kuwaka tena, daftari hilo husomwa, na muamala ambao haukukamilika hauhesabiwi.

Hifadhidata za hati, kama MongoDB, huweka oda nzima pamoja na bidhaa zake katika hati moja, na kubadilisha hati moja ni tendo lisilogawanyika. Hivyo kazi nyingi hazihitaji zaidi ya hapo. Tatizo hurudi pale hati zinapokuwa mbili, kama akaunti za Asha na Juma. Kuziweka akaunti zote katika hati moja hakusaidii, kwa kuwa hati ya MongoDB haiwezi kuzidi megabaiti 16.

Zamani waandishi wa programu walitunga njia yao: hati ya tatu iliyorekodi kila uhamisho kuwa "unasubiri" au "umekamilika", ili programu ikianguka ijue pa kuendelea. Kazi hiyo ilikuwa ngumu na rahisi kukosewa. Toleo 4.0 la MongoDB, mwaka 2018, lilileta muamala wa hati nyingi, na toleo 4.2 la mwaka 2019 likaufikisha kwenye data iliyogawanywa katika seva mbalimbali. Muamala huo una gharama: huipunguzia hifadhidata kasi, na usipobadilishiwa mpangilio hukatishwa ukizidi sekunde 60. Anayeuhitaji kila mara huenda data yake ilistahili majedwali tangu mwanzo.