Van Gogh alivyoyachora maisha ya hospitali ya wagonjwa wa akili

KATIKA eneo letu hili, majina ya Mirembe, Mathari na Butabika yamegeuzwa kuwa mzaha. Mtu akisema jambo lisiloeleweka, huambiwa apelekwe huko. Ni wachache wanaouliza walioko ndani wanaishije.

Mchoraji Vincent van Gogh, raia wa Uholanzi, aliishi katika hospitali ya aina hiyo. Mei 8, 1889, miezi michache baada ya kujikata sikio mjini Arles, kusini mwa Ufaransa, aliingia kwa hiari yake katika hospitali ya Saint-Paul-de-Mausole, karibu na Saint-Rémy. Alikaa humo mwaka mzima.

Vyumba zaidi ya 30 vilikuwa vitupu, hivyo akapewa cha ziada cha kuchorea. Dirisha la chumba alicholala lilikuwa na nondo, nje kukiwa na shamba la ngano lililozungushiwa ukuta. Tiba yake ilikuwa kukaa ndani ya maji saa mbili, mara mbili kwa wiki. Wagonjwa wengi walishinda bila kazi yoyote.

Anayetarajia kuona minyororo na watu wanaopiga mayowe katika picha zake hataviona. Moja inaonyesha korido ndefu yenye matao, na mtu mmoja tu akiishia mlangoni. Nyingine ni dirisha la chumba chake cha kazi, lenye chupa na nondo. Alimchora pia Trabuc, mkuu wa wahudumu, kwa heshima ileile. Hata picha yake maarufu ya usiku wa nyota aliichora humo, Juni 1889, ila nondo za dirisha hakuzitia.

Ugonjwa ulipomrudia alikula rangi, akazuiwa kuchora kwa muda. Katazo hilo lilimuumiza, kwa kuwa aliamini kazi ndiyo dawa yake.

Aliondoka Mei 1890, akafariki Julai 29 mwaka huo akiwa na umri wa miaka 37.

Katika barua kwa ndugu zake alieleza kwamba kuishi na wagonjwa kulimpunguzia hofu, akaanza kuona wazimu kuwa ugonjwa kama mwingine wowote. Wenzake, alisema, walifahamiana vizuri, na mmoja akizidiwa, wengine walimsaidia. Wanaofanya mzaha na majina ya hospitali zetu wangefaa kulijua hilo.