Gundi ya Kuvalisha Boksi la Amplifaya: Unalipia Nguvu au Muda?

Anayevalisha vinili boksi la amplifaya ya gitaa kwa mara ya kwanza huingia dukani na swali moja: gundi ipi ina nguvu zaidi? Muuzaji humpa kopo la bei ya juu, na mazungumzo yanaishia hapo. Lakini gundi karibu zote zinazofaa kazi hii zina nguvu ya kutosha zikitumiwa inavyotakiwa. Kinachozitofautisha ni muda zinaokupa. Ipo inayokuachia dakika kadhaa za kuvuta, kunyoosha na kurudia kipande kilichokaa upande, na ipo inayong'ang'ania papo hapo. Muda huo una bei yake, kwa kuwa katika kazi hii kitu cha gharama si gundi, ni vinili yenyewe.

Tazama mgongo wa vinili kwanza

Mwanzoni mwa miaka ya 1960, kampuni ya Fender ya California iliacha hatua kwa hatua kuvalisha amplifaya zake kitambaa cha twidi, ikahamia kwenye vinili ya Tolex. Tolex ni jina la biashara, lakini leo wapiga gitaa wengi huita hivyo vinili yoyote ngumu yenye vipele inayofunika boksi. Kinachoifanya ifae ni mgongo wake: upande wa nyuma umebandikwa kitambaa. Kitambaa hicho hunywa gundi, na huizuia vinili isinyooke ovyo unapoivuta.

Vinili za makochi na viti vya magari, zile ambazo mafundi wengi wa Afrika Mashariki huziita reksini au leza, nazo kwa kawaida huwa na kitambaa nyuma. Geuza kipande ukitazame kabla ya kulipa. Ukiona nyuzi, unaweza kuchagua gundi yoyote kati ya zilizoelezwa hapa chini. Ukiona plastiki tupu, laini pande zote mbili, gundi za maji hazitakufaa. Hata gundi nyingi za njano, zile za kubandikia fomaika, zinaweza kukuangusha baadaye, kwa sababu mafuta yanayotiwa kwenye plastiki ili iwe laini hutoka polepole na kuilainisha gundi. Baada ya miezi vinili huanza kuteleza, na ukiifunua unakuta gundi imegeuka utelezi.

Upande wa pili ni mbao. Plaiwudi iliyopigwa msasa na isiyo na rangi hupokea kila gundi. Boksi lililopakwa vanishi, au la zamani lenye mabaki ya gundi, halinywi maji, kwa hiyo gundi ya maji haina pa kushika.

Gundi ya fomaika

Hii ndiyo gundi ya njano ambayo maseremala wa Keko jijini Dar es Salaam au wa Ngong Road jijini Nairobi hubandikia fomaika juu ya meza, na ndugu yake hutumiwa na mafundi viatu. Hupakwa pande zote mbili, kwenye mbao na kwenye mgongo wa vinili. Unaiacha hadi ukigusa kwa kidole haigandi, mara nyingi dakika 10 hadi 30 kulingana na joto na unyevu wa siku, ndipo unakutanisha. Zikishagusana, basi. Hakuna kusogeza.

Sifa zake ni mbili. Hushika saa hiyohiyo, kwa hiyo vinili iliyovutwa kwa nguvu kuzunguka kona haipati nafasi ya kurudi. Na hushika hata pale mbao haiwezi kunywa kitu. Kama unavalisha upya amplifaya ya zamani na umeshindwa kukwangua gundi yote ya awali, hii ndiyo njia yako.

Hasara zake zinajulikana pia. Plaiwudi hunywa mpako wa kwanza, hasa kwenye kingo zilizokatwa, kwa hiyo mbao huhitaji mipako miwili. Kipande kikitua nusu sentimita nje ya mstari, kukibandua ni kukinyoosha, na vinili iliyonyooka hairudi ilivyokuwa. Mafundi wenye uzoefu hulaza karatasi ya kuokea katikati ya nyuso mbili zilizokwisha kukauka, wanapanga kipande juu yake bila haraka, kisha wanaichomoa karatasi kidogokidogo huku wakikandamiza kwa rola. Gundi iliyokauka haishiki karatasi hiyo.

Mvuke wake haufai kuchezewa. Nyingi zina toluini au vimiminika vya jamii hiyo, ambavyo huwaka haraka na hudhuru ubongo vikivutwa kwa wingi. Fanya kazi nje au mahali penye upepo, mbali na jiko, sigara na friji inayojiwasha yenyewe. Gharama ya barakoa yenye kichujio cha mvuke iingize kwenye hesabu, kwa kuwa barakoa ya kitambaa haizuii mvuke.

Gundi nyeupe ya mbao

Wengi hushangaa kusikia kwamba gundi ileile ya maji inayoungia viti hubandika vinili ya amplifaya. Siri ni kile kitambaa cha nyuma. Unapaka mbao peke yake, mpako mwembamba ulioenea sawasawa, unalaza vinili, na unakuwa na dakika 10 au zaidi za kuisogeza, kuinua pembe na kutoa viputo vya hewa kwa kiganja. Haina harufu ya kuumiza kichwa, brashi huoshwa kwa maji, na gundi iliyochuruzika usoni hufutwa kwa kitambaa kibichi kabla haijakauka. Gundi ya njano ikidondokea usoni huhitaji thina, na thina hula ule mng'ao wa vinili.

Mipaka yake ni mitatu. Kwanza, haishiki plastiki kwa plastiki. Pale vipande viwili vya vinili vinapopandana haifai kitu. Pili, huchelewa. Maji hayapiti kwenye vinili, lazima yatokee kwenye mbao, kwa hiyo iache boksi usiku kucha, na mwambaoni wakati wa masika liongezee siku. Kona iliyovutwa kwa nguvu hujifungua yenyewe wakati gundi bado mbichi. Tatu, hulainika kwenye joto. Vox AC30 hubeba vali nne za EL84 zinazofanya kazi kwa joto kali, na joto hilo hupanda kwenye ubao wa juu. Hata amplifaya isiyo na vali, ikiachwa kwenye gari lililofungwa juani, hukaa kwenye joto linaloweza kupita nyuzi 50.

Kama boksi ni la MDF, paka mpako mwembamba kuliko unavyodhani unatosha. Kingo za MDF huvimba zikilowa, na uvimbe huo huonekana juu ya vinili.

Gundi ya kupuliza

Kopo la kupuliza huvutia kwa kasi yake, lakini makopo hayalingani. 3M peke yake huuza Super 77, iliyokusudiwa vitu vyepesi kama karatasi, vitambaa na sponji, na Hi-Strength 90, iliyotengenezwa kwa kazi nzito kama fomaika. Makopo yote mawili yameandikwa gundi ya kupuliza, na atakayechukua la kwanza kwa kuwa ni rahisi ataona kingo za boksi zikiinuka kwenye joto. Soma kopo linasema limetengenezwa kwa ajili ya nini. Neno "kali" usoni halikuambii kitu.

Hata lililo bora lina matatizo mawili. Sehemu ya gundi hupotea hewani na kuangukia sakafu, kuta na grili ya spika, na ukihesabu kwa mita ya mraba huwa ghali kuliko zote. Linafaa pale penye kazi ndogo: kurudisha kipande kilichobanduka, au kuvalisha ubao mmoja wa nyuma.

Gundi za pembeni

Fundi viatu anayebandika soli za PVC kwa kawaida ana gundi ya poliyurithani, nyeupe au isiyo na rangi, ambayo huhimili mafuta ya plastiki kuliko ile ya njano. Kwa vinili isiyo na kitambaa nyuma, hiyo ndiyo ya kutafuta, ingawa bei yake hupanda. Supagluu ina nafasi moja tu: tone kwenye ncha ya kona iliyokataa kulala. Gundi ya bunduki iache kabisa, kwa kuwa kilicholainishwa na joto ili kishike kitalainishwa na joto kiachie.

Hesabu ya boksi moja

Chukua boksi la kawaida la spika moja ya inchi 12, lenye upana wa sentimita 50, urefu wa 45 na kina cha 25. Mzunguko wake ni sentimita 190. Ongeza sentimita saba za kukunja mbele na saba nyuma, halafu mbao za nyuma, na unapata karibu mita moja ya mraba.

Gundi ya njano, kwa mipako miwili kwenye mbao na mmoja kwenye vinili, itakula kama nusu lita. Gundi nyeupe itakula gramu 200 hadi 250. Gundi ya kupuliza, ukipuliza pande zote mbili, itamaliza karibu kopo zima.

Tuweke bei za mfano, nawe uzibadilishe kwa bei za duka lako. Lita ya gundi ya njano iwe shilingi 20,000, kilo ya gundi nyeupe 10,000, kopo la kupuliza 25,000, na vinili ya boksi hilo 30,000. Gundi ya njano peke yake itakugharimu 10,000, bila thina wala barakoa. Kupuliza ni 25,000. Gundi nyeupe kwenye nyuso pana, pamoja na robo lita ya njano kwenye kona na maungio, ni 7,500.

Tofauti kati ya ya kwanza na ya tatu ni shilingi 2,500, kiasi kisichostahili kuumiza kichwa. Hesabu yenye uzito ni ya vinili: kipande kimoja kilichotua vibaya kwenye gundi isiyosamehe kinakurudisha dukani na shilingi 30,000 nyingine.

Nani anunue nini

Kwa boksi la kwanza, lenye plaiwudi mpya na vinili yenye kitambaa, changanya mbili: nyeupe juu, chini na ubavuni, ya njano kwenye mikunjo, kona na pale vinili inapopandana. Makutano yaweke chini ya boksi. Kwa amplifaya ya vali inayochemka, au ya bendi inayosafiri juani, tumia ya njano pia kwenye ubao wa juu. Kwa boksi la zamani lenye mabaki, ya njano mwili mzima, na karatasi ya kuokea iwe mezani. Mwenye karakana inayotoa maboksi kila wiki atatumia ya njano tu, kwa kuwa kwake muda wa kusubiri ndio hasara, na mkono wake haukosei tena mstari.

Kabla ya yote hayo, fanya jaribio lisilogharimu kitu. Bandika ukanda wa vinili yako, upana wa vidole viwili, kwenye kipande cha mbao ileile, uache ukauke kabisa, kisha uweke juani mchana kutwa. Uvute ukiwa bado moto. Ukitoka mzima na kuacha mbao safi, badilisha gundi. Kitambaa kikichanika na nyuzi zake kubaki kwenye mbao, nunua hiyo, hata kama ndiyo ya bei ya chini dukani.