KUMFUNZA MBWA: PIMA NENO KABLA YA KULISHIKA

Ndugu mfugaji, ukiambiwa ya kuwa wataalamu wamethibitisha kwamba mbwa hana budi kupigwa ili akujue kuwa mkuu wake, uliza kwanza: ni wanyama gani waliochunguzwa, na wapi? Neno hili latokana na mbwa mwitu waliofungiwa pamoja katika bustani ya wanyama ya Basel, ambao Rudolf Schenkel aliandika habari zao mwaka 1947. David Mech aliwaangalia walio huru huko Kanada, na mwaka 1999 alieleza ya kuwa kundi lao kwa kawaida ni wazazi na watoto wao. Tena mbwa wako si mbwa mwitu. Mbwa apigwaye huogopa, na mwenye hofu aweza kuuma. Basi iweke chini fimbo. Mpe kipande cha nyama mara tu atiipo.